Mfalme Mmoja katika Vitabu Vitano

Karagwe, Kagera
Novemba 1988

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na shikamoo nyingine umfikishie Mama huko jikoni kabla hajauliza kama nimemsahau. Mguu wako unaendeleaje? Kaka Elieza aliandika kwamba siku hizi unakwenda mpaka kanisani bila fimbo, lakini Elieza namfahamu, huandika yale anayotaka niyasikie. Niambie wewe mwenyewe. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua wakati wa masika kimepona. Ninakula ndizi na maharage kila siku ya Mungu, na wiki hii senene wameanguka kwa wingi, kwa hiyo wilaya nzima ina furaha. Nimeshajifunza kuwanyonyoa mabawa na miguu haraka kama wenyeji. Sehemu hii usimsomee Mama.

Barua hii sikuipitisha ofisini. Barua za walimu hukusanywa kwenye kikapu mezani kwa Mkuu wa shule, na tangu mwezi wa tano nimeacha kukiamini kile kikapu. Nampa dereva wa lori la kahawa aitie posta Bukoba. Ukiona bahasha imefunguliwa ikabandikwa tena, naomba unijulishe, hata kama ni alama ndogo tu.

Najua kuna maneno yamewafikia. Yule muuza vitenge wa huko kwetu aliyepita hapa mwezi wa tano aliniona nikitoka ofisi ya kata nikiwa nimeshika kitabu kifuani na macho mekundu. Akaniuliza maswali matatu, nikamjibu moja. Nina hakika habari aliyofika nayo Gonja ni kwamba binti wa Mwalimu amewekwa ndani huko mpakani. Sikuwekwa ndani, Baba. Aliyewekwa ndani ni mtu mwingine, na aliyesababisha ni mimi. Nataka uyasikie kwangu, tena yote, ndipo uniambie unavyoniona.

Yalianza na sanduku la vitabu. Unajua hali ya shule yetu: ni shule ya wazazi, darasa la wanafunzi arobaini lina kitabu kimoja cha hadithi, mimi nasoma mbele na wao wanasikiliza. Marafiki wa usharika walioko ng'ambo walisikia habari hiyo wakatuletea riwaya tano za Kiingereza, nakala moja moja, na barua. Walisema tuzisome, tuchague moja, nao watatuletea nakala arobaini za hiyo moja kwa ajili ya Kidato cha Tatu. Zile nne zitakazobaki tuzipeleke kwenye shule nyingine kule Nyakakika. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, kazi ya kuchagua nikapewa mimi.

Nikavipanga mezani, nikasoma nyuma ya majalada, nikavisoma tena. Vyote vitano vilikuwa vya mfalme mmoja. Ni yule mfalme wa hadithi za kale za Waingereza, aliyechomoa upanga kwenye jiwe wakati mashujaa wote wameshindwa, akawakalisha watu wake kwenye meza ya duara ili asiwepo anayekaa juu ya mwenzake. Alikuwa na mshauri mchawi. Mkewe akampenda rafiki wa mumewe, ufalme ukavunjika, na yeye mfalme akajeruhiwa vitani akachukuliwa kwa mashua hadi kisiwani. Watu wanasema hakufa. Wanasema atarudi.

Mkuu wa shule alivitazama vile vitabu kama mtu anayetazama nyama asiyojua imechinjwa na nani.

“Wazungu wana wafalme wangapi, Mwalimu?”

“Wengi, Mkuu.”

“Basi kwa nini watuletee huyu huyu mara tano? Kuna kitu wanataka kiingie. Visome vizuri. Mimi sina nafasi hata ya kufungua kimoja, nina mitihani ya mkoa. Wewe soma, uniletee ripoti.”

Nilicheka nilipotoka pale. Lakini Baba, kushuku kunaambukiza kama mafua. Jioni ile nilivisoma vile vitabu nikitafuta kitu kilichofichwa badala ya kutafuta hadithi.

Cha kwanza kilikuwa kinene, kinasimuliwa na yule mchawi mwenyewe. Kilikuwa kizuri, ila Mwinjilisti, ambaye yumo kwenye kamati ya shule, alikuja siku moja akakifungua katikati. Mwinjilisti anajua maneno machache ya Kiingereza, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye neno la uchawi. Akakifunga, akakisukuma kwa kidole kimoja. Cha pili kilikuwa cha malkia na yule rafiki wa mumewe, nusu yake ni mabusu. Fikiria mimi nisiyeolewa nikisoma hayo mbele ya vijana wa miaka kumi na minane. Cha tatu kilikuwa vita, farasi na matope tangu mwanzo hadi mwisho, na kila ukurasa una jina jipya la mtu atakayeuawa ukurasa unaofuata. Cha nne kilikuwa chembamba, kina picha za rangi, mfalme wake hana kosa hata moja, anazungumza kama kadi ya Krismasi. Hicho ndicho Mkuu alichokipenda kwa kukitazama tu.

Cha tano kilikuwa cha mhunzi. Mwandishi wake amemchukua mtu asiyetajwa katika hadithi za zamani, yule aliyeufua ule upanga. Mhunzi ni mzee sasa, amekaa kiwandani kwake, anasema, ‘Watu wananiambia mfalme atarudi. Sawa. Lakini mimi ndiye niliyekuwepo pale jiweni, na hakuna aliyewahi kuniuliza.’ Anasimulia taratibu mpaka sura ya mwisho, na hapo ndipo anapokiri kwamba upanga haukukwama kwa miujiza. Aliugandisha yeye, kwa nta na majivu, usiku ule alipolipwa na yule mshauri, na nta ililegezwa kwa maji ya moto asubuhi aliyoletwa kijana aliyekwisha kuchaguliwa. Nilikitaka hicho. Katika ripoti yangu kwa Mkuu niliandika tu kwamba kinasimuliwa na mhunzi na Kiingereza chake ni safi. Siri ya mwisho sikuitaja, kwa sababu niliogopa atakikataa.

Wakati huo habari zilikwisha kutoka nje ya shule. Katibu Kata alinikuta sokoni akasimama mbele yangu.

“Mwalimu, nasikia mnachagua mfalme.”

“Tunachagua kitabu, Ndugu Katibu.”

“Cha mfalme.”

“Ndiyo, cha mfalme wa Waingereza wa kale.”

“Anayerudi?”

Nikashangaa amejua. Baba, lazima uelewe huku ni wapi. Karagwe ilikuwa na wafalme wake, Abakama, mpaka juzi juzi tu, na wazee wanawakumbuka. Ng'ambo ya mto kuna Rwanda, na vijiji vyetu vimejaa watu waliokimbia huko, na wengine waliofukuzwa Uganda baadaye, wote wana mfalme waliyemwacha au wanayemsikia. Na tangu vita na Uganda, mtu wa mpakani akisikia neno asilolielewa hulitazama mara mbili. Nilimwambia Katibu ni hadithi. Akasema, “Haya,” lakini aliondoka akigeuka nyuma.

Sasa nikueleze habari za Mzee Faustini. Alikuwa mtunza stoo wetu. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkimya, alizaliwa Rwanda akakulia Uganda, alikuwa karani kwenye shamba la ng'ombe huko hadi walipofukuzwa wakavuka na mkewe Konsolata wakiwa na godoro moja. Hapa alifanya vibarua vya kulima, baadaye shule ikamchukua. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha nusu ya walimu, ingawa hakukionyesha. Alikuwa anaunga vitabu vilivyochanika kwa gundi ya unga wa muhogo, kazi safi kabisa. Nilimruhusu avisome vile vitabu vitano ndani ya chumba cha vitabu, saa ya chakula cha mchana, bila kuvitoa nje. Siku moja nilimuuliza angechagua kipi.

“Cha mhunzi.”

“Kwa nini, Mzee?”

“Huyu ana kazi. Wale wengine kutwa wanapanda farasi.”

Halafu akaniuliza, “Mwalimu, mkichagua kingine, hiki kitakwenda Nyakakika?” Nikamwambia ndiyo. Akainama akaendelea kula. Jibu langu hilo lilimwingia, na mimi sikuona.

Mwezi wa tano, Jumatano, nikafungua kabati la vitabu nikakuta vinne. Cha mhunzi hakipo. Nilitafuta chini ya meza, nyuma ya ramani, ndani ya mikoba ya wanafunzi. Ufunguo tulikuwa nao watatu: mimi, Mkuu, na Faustini ninapomwachia wangu. Na jana yake nilikuwa nimemwona Faustini akielekea kwake mvua ikinyesha, amebeba furushi lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba, amelibana kwapani kama kitu cha siri. Sikumuuliza amebeba nini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lau ningemwona mwalimu mwenzangu na furushi lile lile, ningemwita kwa sauti, “Umebeba nini hicho, tugawane!” Yeye nilimtazama tu akapita, nikalihifadhi kichwani.

Nilikwenda kwa Mkuu. Nikasema, “Kitabu kimoja hakipo, na jana nilimwona Faustini na furushi.” Nilisema maneno hayo tu. Sikusema ameiba. Lakini Mkuu alinitazama kidogo, akashusha macho, akasema, “Ahaa. Basi hilo niachie mimi.” Wakati ule nilidhani amehuzunika.

Kesho yake mgambo wawili na Katibu walikwenda nyumbani kwa Faustini, wakapekua hata chungu cha maharage. Kitabu hawakukiona. Walikuta madaftari matatu ya shule, yameandikwa kwa mwandiko mzuri sana, kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza ulisema: ‘Watu wananiambia Mukama atarudi.’

Alikuwa anakitafsiri, Baba. Kila mchana alipokaa na kile kitabu, mkono mmoja unashika kiazi, mwingine unaandika, kabla hakijapelekwa Nyakakika. Akimaliza kuandika, anayabeba madaftari nyumbani kwenye majani ya mgomba yasilowe. Mfalme alimwita Mukama kwa kuwa majirani zake wanalijua neno hilo, na majirani ndio aliokuwa anawasomea, Wanyambo wenyeji wa hapa na Wanyarwanda pamoja, Jumapili baada ya misa, wakimenya kahawa. Aliwaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha wanayoelewana wote.

Niliitwa ofisi ya kata kama mwenye mali. Faustini alikuwa amekaa chini sakafuni, viatu vimevuliwa. Katibu alikuwa na daftari mkononi.

“Mukama gani huyu atakayerudi? Wa hapa, au wa kwenu?”

“Wa kitabuni, Ndugu Katibu.”

“Kitabu kiko wapi?”

“Sijui. Nilikiacha kabatini.”

“Kimepotea. Na wale wanaokaa duara nyumbani kwako kila Jumapili, nao wamepotea?”

“Wanakaa duara kwa sababu kahawa iko katikati.”

Mgambo mmoja akacheka, Katibu akamnyamazisha. Mimi nikasema kwamba yale maneno ni ya kitabu kweli, nimekisoma. Katibu akanigeukia kwa upole uliotisha. “Mwalimu, jana umesema huyu mtu ni mwizi. Leo unasema ni mfasiri. Nikuamini siku ipi? Niletee hicho kitabu, tulinganishe. Bila hivyo, hili litakwenda wilayani, na wa wilayani wataliona wanavyotaka.”

Wakati wote huo Faustini alinitazama mara moja tu. Alijua sasa nani alitoa habari ya furushi.

Siku tatu nilipindua shule nzima. Nilimshuku kila mtu. Nilimshuku Mwinjilisti kwamba amekichoma, nikaenda mpaka kwake nikajifanya nimekuja kuomba maji, nikatazama majivu ya jikoni. Nilimshuku mwalimu wa historia. Niliwashuku wanafunzi, nikawafanya wafungue masanduku yao, na wasichana wawili wakalia kwa sababu nilisoma barua zisizonihusu. Siku ya nne nilikwenda kwa Mkuu kumwomba aandike barua ya kumtetea Faustini. Alikuwa anapanga karatasi zake.

“Sasa mimi niandike nini?” akasema. “Kitabu chenyewe ndicho kilicholeta balaa. Nani alikwambia watoto wa watu wanataka kusoma habari za mfalme wa nta na majivu?”

Niliitikia, “Ndiyo, Mkuu,” nikafika mlangoni. Hapo nikasimama.

Nikageuka. “Mkuu, umejuaje habari ya nta?”

“Nta gani?”

“Nta na majivu. Iko sura ya mwisho. Kwenye ripoti sikuiandika. Faustini hakuwa amefika huko, daftari lake la tatu linaishia vitani, nililiona kwa Katibu. Na wewe ulisema hujafungua hata kimoja.”

Alipanga zile karatasi tena, zikiwa zimekwisha kupangika. Nje kengele ya kipindi cha tatu ikalia. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati la mitihani, ambalo yeye pekee ndiye hulifungua, akakitoa kitabu chini ya bahasha za mkoa. Alikiweka mezani bila kunitazama.

“Nilitaka uchague kile chenye picha,” akasema. “Unajua wanavyosema juu yangu. Kwamba sikuteuliwa, niliwekwa, kwa kuwa shemeji yangu yumo kwenye bodi. Halafu shule yangu isome kitabu cha mfalme aliyewekwa? Wangenicheka mpaka Muleba.”

“Na Faustini?”

“Nilidhani watamwachia siku ile ile.”

“Leo ni ya nne, Mkuu.”

“Wewe ndiye uliyesema habari ya furushi,” akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anakumbusha tu, na alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo kuliko kwa kuficha kitabu.

Nilikichukua nikakimbia nacho ofisi ya kata, mwalimu mzima, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Katibu akanikalisha. Mimi nasoma sentensi kwa Kiingereza, naeleza maana yake, yeye anafuata kwa kidole kwenye daftari. Akasema tuanze ukurasa wa kwanza. Sawa sawa. Akachagua ukurasa katikati, kwa ghafla, kama mtu anayetega. Sawa sawa. Akachagua mwingine. Baada ya hapo nikaona haruki tena. Ukurasa ukiisha anasema, “Endelea,” na ninaendelea. Tulikaa pale mpaka mgambo wakaenda kula wakarudi. Mwisho akaguna, akasema Faustini aende, na madaftari mawili arudishiwe.

“La tatu?” nikauliza.

“La tatu bado ninalichunguza.”

Faustini alitoka ameshika viatu mkononi, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba haviingii. Alinisalimu kwa neno moja, “Mwalimu,” akapita. Hapo ndipo yule muuza vitenge aliponikuta.

Hakurudi kazini. Konsolata alileta ufunguo wa stoo umefungwa kwenye karatasi, akanikabidhi mimi mkononi mbele ya mashahidi wawili, akaniomba niseme kwa sauti kwamba nimeupokea. Nikasema. Baada ya wiki mbili walihama wakaenda kuchuma kahawa kwa mtu upande wa Nyakatuntu.

Nikachagua kitabu cha mhunzi. Niliandika barua ya kuwajibu wale wa ng'ambo, nikamwekea Mkuu mezani, akagonga muhuri bila kusoma, au nilivyoona mimi, bila kusoma. Sikuitia kikapuni. Niliipeleka mwenyewe posta Kayanga. Hata hivyo miezi yote ile nilikuwa naamka nikiwaza kwamba huenda ameandika nyingine nyuma yangu, kwamba siku moja zitakuja nakala arobaini za kile chenye picha. Nilipoona lori la usharika mwezi uliopita nilisimama mbali kwanza. Vilikuwa vya mhunzi. Sanduku lilikuwa limefunguliwa njiani likafungwa kwa kamba nyingine, na vitabu vitatu havipo. Nimejizuia kufikiria ni nani.

Wanafunzi wamekipenda, Baba, sitakuficha. Wiki ya kwanza msichana mmoja wa ukoo wa wahunzi alisimama akasema kwa Wanyambo mfalme hawezi kuwa mfalme bila nyundo ya mhunzi, kwa hiyo hata Waingereza walikuwa na akili. Wakabishana kipindi kizima kama mhunzi alifanya kosa kunyamaza. Mkuu alipita dirishani, akasimama, akaondoka. Hatuzungumzi zaidi ya habari za ratiba. Ananiogopa kidogo, nami ninamwogopa kidogo, na kazi inakwenda.

Jumamosi iliyopita nilichukua nakala moja nikaenda kumtafuta Faustini. Ni mwendo wa nusu siku kwa miguu, milima juu, milima chini. Nilimkuta mbele ya nyumba anaanika kahawa kwenye mkeka. Konsolata alinitolea kigoda akakiweka nje, chini ya upenu, ndani sikukaribishwa. Lakini aliniletea buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo, jinsi wanavyompa mgeni huku, na hilo nililishukuru moyoni.

Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Nilimweleza habari ya Mkuu, kabati na nta, yote. Alisikiliza huku anageuza kahawa kwa mguu.

“Wale wa kupekua sikuwakasirikia,” akasema. “Hawanijui. Nimepekuliwa nchi tatu, nimeshazoea.” Akageuza tena. “Wewe tulikula chumba kimoja mwaka mzima.”

Nilisema tu, “Ni kweli, Mzee.” Kuku walipita juu ya kahawa, Konsolata akawafukuza.

Nikatoa kitabu. Nikamwambia ni chake, akimalize kukitafsiri au akisome tu, apendavyo. Aliona jalada na uso wake ukalegea kidogo, nikaona mkono unainuka. Kisha ukarudi.

“Niandikie,” akasema.

“Nikuandikie nini?”

“Kwamba umenipa.”

“Mzee, nimekupa mbele ya mkeo, mchana kweupe.”

“Andika.”

Nikachana karatasi kwenye shajara yangu, nikaandikia juu ya goti. Akasimama karibu akisoma kila neno linavyotoka. “Tarehe,” akasema. Nikaweka tarehe. “Jina lako lote.” Nikaweka jina, mpaka lako, Baba. Nikamnyooshea, hakuipokea.

“Andika pia kwamba sikukuomba.”

Nikaandika kwamba hakuniomba. Hapo akaichukua, akaisoma mara mbili midomo ikicheza, akamsomea Konsolata, Konsolata akatikisa kichwa kukubali. Akaikunja, akaiweka ndani ya jalada. Akafuta mikono kwenye suruali, akakipokea kitabu kwa mikono miwili.

Nakomea hapa maana dereva wa lori ananisubiri. Nisalimie Mama, mwambie shuka aliyonishonea bado ni nzima. Nisalimie kaka Elieza, mwandishi wenu wa habari njema. Nisalimie shangazi Nakiete anayeongoza kwaya, na mjomba Kiondo mwenye shamba la tangawizi, na Bibi, ambaye najua ndiye atakayekuomba uisome barua hii mara ya pili. Mungu auinue mguu wako na awatunze wote mliomo nyumbani humo mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao wa huku mbali,

Namsifu